Adabu ya Kumchagulia Mwenzako Wimbo

Watu wengi hudhani kwamba kuchagua wimbo ni jambo la ladha tu, na kwamba ladha, kwa kuwa kila mja amepewa yake, haina hukumu wala mafunzo. Dhana hiyo ni ya kweli maadamu mtu anajisikilizia peke yake, chumbani mwake, mlango umefungwa; lakini mara achukuapo nyimbo azipendazo, akazipanga moja baada ya moja, kisha akampelekea mwenzake azisikilize, jambo limekwisha kuwa jingine. Hapo amesema. Na mtu akisema, hata kama maneno ni ya mtunzi, sauti ni ya mwimbaji, na yeye mwenyewe hakufumbua kinywa, ana dhamana ya alichokisema. Nimeishi umri wangu wote katikati ya watu wanaopelekeana nyimbo, kwa santuri, kwa redio, kwa kanda na sasa kwa simu, na katika kumbukumbu hizi nataka kueleza jinsi nilivyofunzwa adabu ya uteuzi huo na watu ambao, aghalabu, hawakujua kwamba wananifunza.

Nilizaliwa Mombasa, mtaa wa Kibokoni, katika Mji wa Kale, ambamo nyumba zimekaribiana hata sauti ya nyumba moja haikosi kusikika katika nyumba tatu. Ami yangu, ndugu mkubwa wa baba, alikuwa na santuri ya kutiwa ufunguo kwa mkono, na sahani zake zilihifadhiwa katika kasha la mvule, kila moja ndani ya bahasha yake ya karatasi, kwa sababu sahani za zama zile zilikuwa nzito na dhaifu, zikianguka huvunjika vipande. Upande mmoja wa sahani ulichukua dakika tatu na kitu, basi. Na wimbo wa taarabu, ambao katika hafla huweza kuimbwa robo saa na kuzidi, ulilazimika kupunguzwa beti au kukatwa sehemu mbili, ya pili ikangojea sahani igeuzwe. Jioni, baada ya sala ya isha, wageni walipokusanyika barazani, ami hakuharakia kasha. Aliketi kwanza, akaitikia salamu, akauliza habari za huyu na za yule, macho yake yakipita taratibu kwa wote waliohudhuria, ndipo alipoinuka. Akiwapo mzee aliyefiwa karibuni, nyimbo za mahaba zilibaki kashani. Akiwapo nahodha aliyerejea kutoka Ghuba, zilitoka sahani za Kiarabu. Mimi, ambaye kazi yangu ilikuwa kuzungusha ufunguo na kubadilisha sindano, nilidhani uchaguzi unaanza pale kasha lifunguliwapo. Kumbe ulikuwa umekwisha zamani, wakati wa salamu.

Katika kasha lile sahani zilizotukuzwa kuliko zote zilikuwa za Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, Unguja, ambaye mwaka 1928 alivuka bahari pamoja na wenzake hadi Bombay kurekodi nyimbo kwa kampuni ya His Master's Voice, ile ambayo alama yake ya mbwa aliyeielekea paipu ya santuri ilitustaajabisha sisi watoto kuliko hata sauti iliyotoka ndani. Mmoja katika nyimbo zake mashuhuri ni ule wa Kijiti, unaosimulia kisa cha mwanamke aliyeuawa na mwuaji aliyeikimbia adhabu. Sauti ya wimbo huo ni nzuri, yenye kuvutia hata miguu ya mtoto ikaanza kucheza kabla akili yake haijafahamu kwamba pale pana maiti. Ami hakuupiga kila mara. Na siku aliyoupiga alinyamaza, na waliokuwapo wakanyamaza naye, wala hakuna aliyethubutu kunyanyua kikombe cha kahawa mpaka sindano iliposimama. Nikaondoka na funzo ambalo sijapata kulijutia: wimbo una mahadhi na una maneno, na viwili hivyo mara nyingi haviendi njia moja, basi anayechagua kwa kufuata mahadhi peke yake huweza kumwalika mwenzake matangani ilhali nia yake ilikuwa kumwalika karamuni.

Jambo hilo nalikuta tena na tena katika arusi za siku hizi. Hapana arusi ambayo wimbo wa 'Malaika' hukosa kupigwa, ule ulioenezwa na Fadhili William wa Kenya, na ambao Miriam Makeba wa Afrika Kusini aliufikisha pande nyingi za dunia. Bwana na bibi arusi hushikana mikono, wageni hupiga makofi, na wapiga picha hukimbilia mbele. Lakini anayesikiliza maneno atajua kwamba anayelia ndani ya wimbo ule ni kijana apendaye na asiye na mali ya kuolea, naye haoi. Sisemi wimbo huo uondolewe arusini, kwa kuwa watu wameupenda kwa muda mrefu, na mapenzi ya watu wengi yana uwezo wa kuupa wimbo maana ambayo mtunzi hakuikusudia. Lakini lau mimi ndiye niliyeombwa kupanga nyimbo za shughuli ile, na nikajua kwamba miongoni mwa wageni yumo kijana ambaye posa yake ilikataliwa katika nyumba hiyohiyo kwa ajili ya uchache wa mahari, nisingeuweka, au ningeuweka baada ya yeye kwenda zake.

Redio ilipoenea majumbani, uteuzi ulitoka barazani ukaenda hadharani. Nani wa rika langu asiyezikumbuka kadi za salamu? Mtu alinunua kadi, akaandika jina lake na makazi yake, akaorodhesha majina ya wale awatakiao kheri, akataja na wimbo autakao. Na siku ilipofika, mtangazaji akayasoma majina yale mbiombio kisha wimbo ukapigwa. Walikuwapo watu waliojulikana nchi nzima kwa salamu zao tu, ambao hakuna aliyewahi kuwaona uso. Kwa mtazamo wa juujuu mambo yalikuwa mepesi, lakini fikiri: wimbo mmoja ulikuwa umfae bibi aliyeko Lamu, kaka aliyeko kazini Nairobi, rafiki aliyelazwa hospitali, na mwalimu wa zamani ambaye pengine hapendi muziki kabisa. Waliokuwa mahodari wa kazi hiyo walichagua nyimbo za wasia na za kusifu urafiki, ambazo hazimkirihishi mtu. Na vijana walikuwa na mbinu yao: waliliingiza jina moja katikati ya majina kumi, wimbo wa mahaba ukapigwa, mwenyewe akajua kwamba ni wake, na wale tisa kila mmoja akaona ameheshimiwa. Mimi naihesabu mbinu hiyo kuwa ni kilele cha adabu, kwa sababu aliyekusudiwa amefikiwa na hakuna mwingine aliyeudhika.

Lakini hapana mahali ambapo wimbo wa kupelekeana hudhihirika kuwa usemi kuliko katika hafla ya taarabu. Mwimbaji aimbapo ubeti fulani, mwanamke huinuka kutoka katikati ya wenzake, hucheza kwa madaha hadi mbele, fedha ameziinua mkononi, akamtunza mwimbaji hapohapo kwenye ubeti ule, wala si uliotangulia wala si unaofuata. Na yule aliyekusudiwa, popote alipoketi, hupata habari yake. Hakuna tusi lililotamkwa, hakuna shahidi awezaye kusimama mbele ya kadhi, ila watu wote wamesikia. Desturi hiyo iliingia hata majumbani. Nakumbuka katika mtaa wetu jirani aliyekuwa na ugomvi na mwenzake, ambaye hakubishana naye hata siku moja; alikuwa akiisogeza redio dirishani, akaongeza sauti, kisha akaendelea kupepeta mchele wake kwa utulivu mkubwa. Mtu aliyekulia katika mazingira hayo hawezi kudhani kwamba wimbo ni upepo upitao. Mswahili akiletewa wimbo, kabla hajauliza nani ameuimba, huuliza moyoni: ninaambiwa nini?

Kanda za kaseti, zilizobuniwa na kampuni ya Philips na kuonyeshwa mara ya kwanza mwaka 1963, zilipofika kwetu zikawa rahisi, kila mtu alipata uwezo ambao zamani ulikuwa wa mwenye kasha la sahani na wa mtangazaji wa redio. Madukani, mathalan kwa Mbwana Radio Service pale Mombasa, ziliuzwa kanda za waimbaji wetu wa pwani, na nyumbani mwenye mashine mbili aliweza kuchukua wimbo huku na wimbo kule akatengeneza kanda yake mwenyewe. Miaka hiyo ndiyo jamaa zetu wengi wenye asili ya Omani walipohamia Maskati, baada ya Sultani Qaboos kushika utawala mwaka 1970, na baina ya Mombasa na Maskati zikawa zinakwenda na kurudi kanda chungu nzima mikononi mwa wasafiri. Nyingine zilikuwa barua za sauti: mama akisalimu, watoto wakisukumana kuikaribia maikrofoni, jogoo akiwika nyuma, kisha nyimbo mbili tatu za kumalizia upande.

Binamu yangu alikuwa mmoja wa waliohama, naye akaniletea ujumbe kwamba ana kiu ya nyimbo za nyumbani. Nikanunua kanda ya dakika 60, yaani nusu saa kila upande, nikakaa na saa yangu ya mkono na daftari, nikapima urefu wa kila wimbo, maana hakuna liudhilo kama wimbo kukatika ubeti wa mwisho kwa sababu kanda imekwisha. Taarabu ya dakika kumi ikiingia, nyimbo tatu za dansi zimekosa nafasi. Kila nilichokitia kilikuwa na gharama ya nilichokiacha, na kwa njia hiyo nililazimika kujiuliza, kwa insafu, kama nilikipenda kwa kadiri hiyo.

Shangazi yangu, aliyekuwa akishona kofia pembeni, aliniomba nimsikilizishe nilizochagua. Alisikiliza bila kuinua macho mpaka tulipofika wimbo wa mume anayemnung'unikia mkewe kwa kumpuuza, wimbo ambao niliupenda kwa ajili ya udi wake.

"Huu wampelekea nani?" akauliza.

"Nampelekea ndugu yangu, shangazi."

"Nduguyo akaa peke yake?"

"La, shangazi. Akaa na mkewe, na mama mkwe yuko palepale."

"Basi watausikiza watu watatu, nawe mwanangu umemfikiri mmoja. Nduguyo atasikia udi. Mkewe atasikia mawifi zake wa Mombasa wamteta. Na mama mtu atauliza kanda hii yatoka kwa nani."

"Niutoe, shangazi?"

"Utoe humu. Mtilie katika kanda yake mwenyewe, asikize garini akienda kazini."

Akaendelea kushona. Yote niliyoyasoma baadaye vitabuni kuhusu hadhira na fasihi hayakunizidishia mengi juu ya maneno hayo. Shangazi hakusema wimbo ni mbaya, wala hakunikataza kumpelekea niliyetaka aupate. Alinionyesha kwamba wimbo hauendi kwa mtu bali huenda katika nyumba, na nyumba ina masikio mengi, na kila sikio lina historia yake.

Hata hivyo tahadhari nayo ina mpaka wake, na hilo nalijua kwa sababu nami nimepokea kanda za watu. Rafiki mmoja aliniletea kanda iliyojaa nyimbo mashuhuri tupu, ambazo hata mtoto wa mtaani angezitaja, zimerekodiwa kwa usafi mkubwa, na majina yameandikwa kwa taipu. Mwingine akaniletea kanda iliyokwaruza, ambamo baada ya wimbo mmoja wa Juma Bhalo, katika zile ambazo maneno yake ni ya malenga Ahmed Nassir na mahadhi yake yana harufu ya filamu za Kihindi, ulifuata wimbo wa mwimbaji wa arusi ambaye jina lake sijapata kulijua hata leo, kisha ngoma ya watu wa bara, kisha sauti ya rafiki mwenyewe ikieleza kwa maneno machache kwamba usiku aliousikia wimbo ule alikuwa amekata tamaa ya masomo. Kanda ya kwanza niliisikiliza kwa adabu nikaiweka. Ya pili niliisikiliza mpaka utepe ukalegea, nikaukaza kwa kalamu, nikaendelea. Katika ya kwanza nilipata muziki, na muziki ningeweza kuupata popote. Katika ya pili nilimpata mtu. Anayechagua kwa hofu ya kumkirihisha yeyote, akaondoa kila chenye dhati yake, hatimaye huwa amepeleka kanda ambayo ingaliweza kupangwa na mtu yeyote, na mpokeaji hulitambua hilo upesi.

Kuhusu mpangilio nilifunzwa na wapigaji wenyewe. Taarabu ya Unguja, hasa ile ya Ikhwani Safaa, chama kilichoasisiwa mwaka 1905, hufunguliwa kwa bashrafu, muziki wa vyombo vitupu, fidla na kanuni na udi, usio na neno hata moja. Kwa muda mrefu nilidhani hiyo ni desturi tu iliyotoka Misri pamoja na ala. Baadaye nikaona hekima yake: wakati wa bashrafu watu wanaingia, wanatafuta pa kukaa, wanaangaliana nani amekuja na nani hakuja, na kwa kuwa hakuna maneno, hakuna anayeweza kudhani kwamba ameelekezewa neno. Masikio yakishatulia, ndipo usemi uanze. Tangu hapo kila nipangapo nyimbo huanza na usio na maneno, au wenye maneno mepesi. Sizifuatanishi huzuni mbili. Na ule ulio mzito huuweka katikati, mahali ambapo msikilizaji amekwisha kuniamini na bado hajachoka.

Sasa ni zama za simu. Mpwa wangu, mtoto wa dada, anayesomea sheria Toronto, aliniandikia: "Shikamoo mjomba, tupangie nyimbo zako unazozipenda, tuzisikilize sote katika jamaa." Nilifurahi, kisha nikaingiwa na wasiwasi, kwa maana simu haina mwisho wa kanda. Orodha yaweza kuwa ya nyimbo mia au elfu, na mwenye kupewa elfu hapewi kitu, kwa kuwa kazi ya kuchagua ameachiwa yeye mwenyewe. Nikajiwekea mpaka wa zamani: dakika 60, zisizidi.

Nikaanza na bashrafu. Nikamtia Juma Bhalo, na Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu, kwa ajili ya udi ambao shangazi, Mungu amrehemu, hatimaye aliuridhia. Nikamtia Salum Abdallah wa Cuban Marimba ya Morogoro, aliyefariki mwaka 1965 akiwa bado kijana, kwa kuwa baba yangu, mtu asiyecheza, alikuwa akisikia rumba ile hupiga kidole mezani akidhani hatumwoni. Nikamtia Mbaraka Mwinshehe, ambaye pamoja na Morogoro Jazz alilifikisha gitaa la Morogoro hadi maonyesho ya dunia ya Osaka, Japani, mwaka 1970. Katikati nikaweka Kijiti cha Siti. Na 'Vidonge' vya Malika, wimbo ninaoupenda sana, nikauacha, kwa sababu katika jamaa zetu wapo wawili ambao siku zile walikuwa hawasemezani, na kila mmoja angeamini kwamba vidonge vile ametengewa yeye.

Majibu yaliyokuja yalinizidishia funzo moja ambalo wala ami wala shangazi hawakunipa. Mpwa wangu hakusema lolote juu ya udi, wala juu ya rumba ya babu yake. Alisema kwamba wimbo wa Siti ameurudia mara nyingi, akawasikilizisha wanafunzi wenzake na kuwafasiria, kwa kuwa kwake yeye ulikuwa ni lalamiko la mwanamke wa miaka ile dhidi ya hukumu isiyofika. Mimi nilikuwa nimeuweka kwa ajili ya sauti, na kwa ajili ya kimya cha baraza la ami. Yeye amekuta kesi. Nilitafakari sana juu ya jibu hilo, nikaona kwamba dhamana ya mteuzi, ambayo nimeisifu tangu mwanzo, haimpi umiliki wa maana. Atakisia masikio ya nyumba kwa kadiri ya akili yake, atapanga kwa uangalifu, ataondoa kinachoweza kujeruhi pasipo sababu. Baada ya hapo wimbo una haki ya kumwambia mpokeaji jambo ambalo mpelekaji hakulisikia, na mpelekaji ana faradhi ya kulipokea jambo hilo kama zawadi ya kurudishiwa.

Orodha inayofuata itapangwa na yeye. Nimemwahidi kwamba nitasikiliza kila wimbo hadi mwisho, hata ule utakaonipigia kelele, na nimemwomba jambo moja tu: asiniwekee nyimbo anazodhani mzee atazipenda.